Kwenu, Sindano Hushika?

Kwanza nilisikia kisigino. Nilikuwa nyuma ya pazia, nimeinamia jiko la mafuta ya taa ambalo juu yake sufuria ya koleo ilikuwa ikitokota, na kabla sijamwona mtu yeyote nikasikia kisigino kikipiga bati la kuwekea miguu la kile kiti kirefu: du, du, kisha kimya, kisha mfululizo, kama mchi unaotwanga kinu kitupu. Ikafuata sauti ya Daktari Ndiema, tulivu kama kawaida yake, ikisema maneno niliyokuwa nimeyazoea tangu aniajiri mwezi wa pili: "Hayo si maumivu. Unasikia nguvu ya mkono wangu tu." Na sauti ya mwanamume, nzito, ikipenya kando ya chuma: "Nasikia yote, Daktari. Yote nasikia." Kisigino kikaanza tena. Nje, kwenye benchi la wagonjwa, kijana mmoja akasema, "Bana, hata mbuzi ya Krismasi hailii hivyo," na benchi zima likacheka naye, kila mmoja akiwa ameshika shavu lake.

"Nekesa!" Daktari aliita. "Njoo ushike kichwa."

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Kitini alikuwa amelala mwanamume wa miaka ishirini na kitu, mabega mapana, oili nyeusi imemganda ndani ya kucha. Jina lake nililijua kwa kuwa nilikuwa nimeliandika asubuhi hiyo kwenye daftari la wagonjwa: Wanyonyi, fundi wa mashine za kusaga unga, kazi yake Kitale, kwao Bumula. Machozi yalimtoka pembeni mwa macho yakaingia masikioni. Nilikishika kichwa chake kwa viganja viwili, nikakibana kwenye ngozi ya kiti, Daktari akaingiza koleo tena. Hapo ndipo nilipoinama nikamnong'oneza kwa Kibukusu, lugha ambayo Daktari, mtu wa mlimani, hakuifahamu vizuri. Nilimwambia: wewe si mwanamume? Hukutahiriwa? Alifumbua macho akanitazama kutoka chini, uso wake umepinduka mbele ya wangu, na sijapata kutazamwa hivyo tena. Kisha jino likavunjika. Kichwa cha jino kikatoka, mizizi ikabaki. Wanyonyi aliuondoa mkono wa Daktari polepole, bila ujeuri, akashuka, akatema damu kwenye beseni, akasema, "Imetosha," akaenda zake na pamba mdomoni. Daktari alibaki amesimama na koleo mkononi. "Nimempiga sindano mbili," alisema, kama anayejitetea mbele ya mtu. "Mbili! Hata ng'ombe angelala." Kisha akaniambia niandike kwenye daftari: mgonjwa amesumbua. Nikaandika.

Mwezi uliopita tulimzika Daktari Ndiema kwao, kwenye miteremko ya Mlima Elgon, mahali ambapo ukungu hushuka mchana na kuwafunika waombolezaji hadi viunoni. Nilikuwa nyuma ya nyumba pamoja na wanawake waliokuwa wakimenya viazi. Mbele, kwenye kipaza sauti, marehemu husifiwa; nyuma, kwenye viazi, husimuliwa. Mama mmoja wa Kitale alikuwa akisema, "Huyu mzee, ukikaa tu kwa kiti, hata hajakwambia ufungue mdomo, anakuuliza: kwenu, sindano hushika? Mara ya kwanza nikadhani ananiuliza kama kwetu kuna uchawi." Wakacheka. "Akauliza ya mama, akauliza ya nyanya, akauliza ya ndugu wote. Nikamwambia, Daktari, mimi nimekuja na jino moja, sikuja na ukoo." Wakacheka tena, kicheko kile cha matangani ambacho hukatika katikati. Kati ya wote waliokuwa pale, ni wawili tu tuliojua swali lile lilitoka wapi: mimi, na mwanamke aliyeketi mkabala nami, ambaye hapa ninamwita Nasimiyu, dada wa yule fundi. Hatukuwa tumeonana kwa karibu miaka thelathini. Nilimenya kiazi changu mpaka kikabaki kama gololi. Baadaye, tukinawa mikono, aliniambia kwamba mjukuu wake alikuwa ameketishwa kwenye kiti cha meno mwaka jana, amelia, na mhudumu kijana amemwambia mtoto wa watu aache kudeka. "Andika," akasema. "Lakini usiandike majina yetu." Basi majina ya watu wa nyumba ile si haya. Habari za kaka yake sikumuuliza, naye hakunipa.

Mwaka ule niliishi katika chumba kilichokuwa nyuma ya kliniki. Kilikuwa na kitanda kimoja, ndoo mbili, na kuta za mbao zilizobandikwa magazeti ya zamani, kiasi kwamba nililala nikisoma nusu za habari ambazo mwisho wake ulikuwa umefunikwa na gazeti jingine. Harufu ya mafuta ya karafuu, yale ambayo Daktari aliyatia kwenye mashimo ya meno, ilikuwa imeingia kila mahali. Hata uji wangu wa asubuhi ulikuwa na ladha ya karafuu. Mchana tulikula pamoja, yeye na mimi, kwenye meza ndogo yenye taya za plasta: githeri ya mahindi na maharagwe kutoka kibanda cha jirani, au mahindi ya kuchemsha, na mursik, maziwa ya mgando ambayo mkewe aliyatuma kwenye kibuyu. Daktari alitafuna upande wa kulia tu. Ilinichukua wiki kadhaa kugundua kwamba upande wa kushoto alikuwa na jino bovu ambalo hakutaka mtu aliguse. "Usimwambie mtu," alinionya, na huo ndio mzaha wa pekee ninaomkumbuka nao mwaka ule. Kisha akaongeza, si kwa mzaha: "Kinachosikika humu ndani kinabaki humu ndani." Nilijibu ndiyo, mdomo umejaa maharagwe.

Ukuta mmoja wa chumba changu ulikuwa mgongo wa benchi la wagonjwa. Nilisikia yote. Nilisikia wanawake wa Kipsongo wanaobeba mizigo sokoni wakibishana kama ni chumvi ya moto au majani ya mpera yanayotuliza jino. Nilisikia wakulima wa Moi's Bridge wakilaumu mvua na magego yao kwa pumzi moja. Mwezi wa sita nilisikia sauti ya mwanamke ikisema kwa upole, kabla hajaingia, "Mimi sindano hainishiki. Mnisaidie kumwambia Daktari." Huyo alikuwa Nasimiyu, dada wa Wanyonyi. Daktari alimcheka kwa wema. "Mama, kila mtu husema hivyo." Akampiga sindano tatu. Nasimiyu hakupiga kiti. Alinishika kifundo cha mkono, na kucha zake zikaacha alama nne ambazo nilitembea nazo wiki nzima. Mwezi wa saba akaja mama yao, Kukhu Nafula, yaani Nyanya Nafula, mwanamke mrefu mwenye kitambaa cheupe kichwani. Aliitazama sindano kwa muda, akasema, "Kwetu hayo ni maji tu," akafunga kanga yake vizuri akarudi Bumula na jino lake. Niliandika kwenye daftari: amesumbua, amekataa. Bumula, Bumula, Bumula. Ulikuwa mwandiko wangu mwenyewe, na sikuusoma.

Sikuusoma kwa sababu nilikuwa na maelezo tayari, na kila Mbukusu aliyekuwa kwenye benchi lile alikuwa nayo. Kwetu kijana hutahiriwa akiwa amesimama, asubuhi, mwili umepakwa tope la mtoni, watu wamejaa, bila dawa yoyote. Akipepesa jicho, haulizwi yeye. Huulizwa: ni wa nyumba gani? Na nyumba hiyo hubeba lile jicho miaka na miaka, mpaka wajukuu waje kulipeleka kwa wakwe. Kwa hiyo nilipoona watu watatu wa tumbo moja wakishindwa na sindano, sikuona jambo la kushangaza. Niliona nyumba ya waoga. Leo naona aibu kuandika hivyo, lakini ndivyo nilivyoona, tena kwa raha kidogo, kama mtu aliyegundua siri.

Mwisho wa mwezi huo wa saba nilikwenda Bungoma kwa Senge Roselida, dada ya baba. Nyumba yake ilikuwa na sebule yenye viti vilivyofunikwa vitambaa vya kufuma, na Jumapili hiyo alikuwa amewaalika wanawake wanne wa kanisani. Kulikuwa na kuku mzima kwenye bakuli la udongo, ugali wa wimbi uliosimama kama kichuguu, na mboga ya mrenda iliyopikwa kwa magadi. Lilipofika suala la firigisi, ambayo ni ya mwanamume, wakaangaliana.

"Leo itakuwa ya nani, na hapa hakuna mwanamume?" mmoja akauliza.

"Mpeni Nekesa," Senge akasema. "Si yeye ndiye anashika vichwa vya wanaume huko Kitale?"

"Ati wanaume wanalia huko, mukhana?" mwingine akauliza; mukhana kwetu ni msichana.

Wakanigeukia wote, mikono ikiwa kwenye ugali. Nilikuwa sijawahi kugeukiwa na meza nzima. Firigisi ilikuwa kwenye sahani yangu, ikitoa moshi. Nikawasimulia. Nilichukua kijiko nikapiga mguu wa meza: du, du. Nikaigiza sauti yake, "Nasikia yote, Daktari," na mwanamke mmoja akalazimika kuvua miwani ili afute machozi. Ni Mama Khisa tu, aliyeketi karibu na dirisha, ambaye hakucheka. Aliuliza kwa sauti ya kawaida, kama anayeuliza chumvi: "Huyo ni wa nyumba gani?"

"Wa Bumula. Wanyonyi, fundi wa mashine." Na kwa kuwa walikuwa bado wananitazama, nikaongeza: "Na dada yake vilevile. Na mama yao hata kukaa alikataa. Ni nyumba nzima."

Mama Khisa alifuta vidole vyake kimoja kimoja. "Nanjala, mtoto wa dada yangu, ndiye anaolewa huko mwezi wa kumi na mbili," akasema.

Senge akacheka haraka, "Aah, si jino ni jino tu? Kuleni bana, ugali inapoa." Lakini Mama Khisa alikuwa ameshaliacha bawa lake nusu. Nimekula kuku wengi tangu siku ile. Ladha ya firigisi ile ninaikumbuka kwa sababu niliimaliza yote.

Mwaka ule ulikuwa mwaka wa kutahiri, na mwezi wa nane ulipoingia, njia zote kuanzia Bungoma hadi mashamba ya Kitale zilijaa vijana wenye kengele mikononi, wakikimbia kwenda kuwaalika wajomba, na nyuma yao umati ukiimba. Nyimbo zile hutungwa njiani. Huokota chochote kilichotokea kijijini na kukitia kwenye kiitikio. Asubuhi moja Nasimiyu alikuja kliniki. Hakuketi kwenye benchi. Alimwambia Daktari, akiwa amesimama, kwamba kaka yake amevimba taya wiki ya pili sasa, uvimbe unashuka shingoni, anakunywa uji kwa mrija. Hospitali ya serikali kulikuwa na mgomo. "Na kwako ameapa harudi."

"Kwa nini?" Daktari akauliza.

"Wakwe walituma watu wawili. Walikunywa chai, wakasema msichana bado anataka kusoma. Anataka kusoma nini, na yeye ni mwalimu?" Alikuwa akisema na Daktari lakini macho yake yalikuwa kwangu. "Sasa wanatuimba. Nyumba inayolia kwa daktari wa meno. Juzi wazee wamemwambia Wanyonyi asisimame karibu na mtoto wangu siku ya kisu, asije akamwambukiza."

Alipoondoka, Daktari alichukua daftari. Kidole chake kilishuka polepole kwenye mwandiko wangu, kikasimama, kikashuka tena, kikasimama. "Hawa watatu ni mama mmoja?" akauliza. Nikasema ndiyo. "Mbona hukuniambia?" Nikasema nilidhani ni woga. Alifunga daftari. "Mimi ndiye niliyekuambia uandike hivyo," akasema. "Usaha huzuia ganzi kushika, hilo nilifundishwa. Nikasema basi, ni usaha. Lakini yule dada hakuwa na usaha."

Mchana ule tulikwenda Bumula kwa pikapu yake. Kukhu Nafula alitukaribisha kama wageni wa heri. Alituletea chai na viazi vitamu, akasubiri tunywe, kwa maana kwetu mgonjwa haonyeshwi kwa mtu ambaye hajatia kitu mdomoni. Chumba cha Wanyonyi kilikuwa na giza na kilinuka jino bovu. Alikuwa ameketi kitandani wima, kwa sababu akilala alikosa pumzi. Chini ya taya palikuwa pamejaa kana kwamba ameficha yai. Daktari aligusa shingo kwa ncha za vidole, na niliona uso wake ukibadilika. Alimdunga sindano ya penisilini begani, akasema bila kuzunguka: mizizi ile isipotoka kesho, uvimbe utaziba koo.

Aliyejibu alikuwa mama, kutoka kwenye kizingiti. "Daktari, mimi nikuambie kitu. Enzi zetu watoto walitolewa meno mawili ya chini, hapa mbele, kwa chuma. Tuliketi mstari mmoja. Dada yangu wa mama mwingine aliketi hapa, mimi hapa. Yeye kesho yake alikula ugali. Mimi siku tatu hata upepo sikuweza kuuvuta kwa mdomo. Mama yangu aliniona, akasema, pole, umechukua yangu. Yeye pia alikuwa hivyo." Mbali, kwenye barabara ya chini, kengele zilikuwa zikipita. "Wanaimba nyumba ya mume wangu. Marehemu mume wangu aling'olewa jino na fundi wa baiskeli, na akacheka. Hii kitu haikuwa hapa. Ilikuja na mimi."

Nilikuja kuelewa maneno yake miaka mingi baadaye, daktari mmoja kijana aliponichorea kwenye karatasi. Mishipa ya fahamu, aliniambia, ina vitundu vidogo mno ambavyo hupitisha habari ya maumivu, na kazi ya ganzi ni kuviziba. Chembe za urithi ndizo zinazoamua vitundu hivyo vimeumbwaje. Wako watu wanaosikia jino kwa mbali, kama kelele za nyumba ya pili, na wako wanaolisikia kama kelele ndani ya fuvu lao, na wako wachache ambao dawa huwapita kama maji yapitavyo juu ya jiwe. Mzazi humpa mtoto hayo kama anavyompa kimo au umbo la sikio. Bado hatujui yote, alisema. Nilimtazama akichora, nikamkumbuka mwanamke aliyesema vilevile bila karatasi, akiwa ameshika fremu ya mlango wa mwanawe, kwa maneno mawili: umechukua yangu.

Wanyonyi alizungumza kwa meno yaliyofungwa, kwa hiyo tulilazimika kusogea. Alianza na mimi. "Uliniuliza kama nilitahiriwa." Daktari akanigeukia. "Nilisimama, mukhana. Uliza Bumula yote. Kisu nilikisikia, mwanzo mpaka mwisho, na sikupepesa. Unajua ni kwa nini? Kwa sababu hakuna mtu aliniambia haitauma." Alipumzika, akavuta pumzi kwa pua. "Wewe Daktari uliniambia haitauma. Nikaweka mwili wote chini, kama mtu aliye kwake. Halafu ukaingia."

Daktari aliifuta sindano, akaifunga kwenye kitambaa.

"Kesho nitakuja," Wanyonyi akasema. "Bila sindano. Bila kulala. Na bila kudanganywa." Kisha, polepole: "Wa benchi walisikia kisigino tu, jina hawakulijua. Tulikuwa watatu tu mle ndani siku ile. Mimi sikusema. Daktari sijui."

Tulikuwa tumefika karibu na Kamukuywa, jua likishuka upande wangu wa gari, Daktari aliponiuliza. "Ulisema?" Nikasema nilisema. "Wapi?" Mezani, kwa Senge. Nilingoja anifukuze. Aliendesha muda mrefu nyuma ya trekta lililobeba mabua, bila kulipita, ingawa barabara ilikuwa wazi. "Mimi nilimwambia haumii," akasema hatimaye. "Wewe ukawaambia watu kwamba analia. Hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza."

Wanyonyi alikuja asubuhi, peke yake, amevaa koti safi. Daktari alikuwa amewarudisha wagonjwa wengine nyumbani. Kwa mara ya kwanza mwaka ule benchi lilikuwa tupu. Wanyonyi alikipita kiti akaenda kusimama ukutani, kisogo kwenye mbao, miguu imeachana kidogo.

"Nikikung'oa ukiwa umesimama, ukaanguka?" Daktari akauliza.

"Sitaanguka."

Nilisogea kushika kichwa, kwa mazoea. "Huyu asinishike," akasema. Basi nikashika taa.

Daktari alifanya jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya. Alimwonyesha kila chombo kabla ya kukitumia, akamwambia kila kitakachofanyika. Hiki kitapasua ufizi. Itauma. Hiki kitaingia chini ya mzizi wa kwanza. Itauma zaidi. Ukitaka nisimame, inua kidole. Wanyonyi aliinua mikono yake yote miwili, akaikutanisha juu ya kichwa, kama kijana anayesimama mbele ya kisu, na akatazama nje ya dirisha, mbali, juu ya mapaa ya soko, mahali ambapo hapakuwa na kitu. Nilimulika. Naweza kuwaambia nilichokiona kwa sababu nilikuwa karibu kama kifua na titi. Niliona mshipa wa shingo ukienda mbio. Niliona jasho likitoka kwenye nywele, likipita nyusi, likiingia machoni, na macho yasifumbe. Niliona usaha ukitoka kabla ya mzizi wa kwanza, na damu baada ya wa pili. Nilisikia mfupa ukilalamika. Yeye sikumsikia. Aliyesita alikuwa Daktari. Mara mbili aliacha, akafuta mikono kwenye aproni, akaanza tena. Ilichukua muda ambao mtu angeweza kuchemsha chai na kuinywa. Kidole hakikuinuka.

Mizizi ilipolia kwenye beseni, Wanyonyi alishusha mikono. Daktari alimjaza pamba mdomoni, akamshika bega. "Uliniambia siku ya kwanza," akasema. "Sikukuamini. Nisamehe." Wanyonyi alitikisa kichwa kukubali, mara moja. Daktari akaingia nyuma ya pazia kutafuta dawa za kwenda nazo, akakaa huko muda mrefu kuliko dawa zilivyohitaji.

Tukabaki wawili. Nilikuwa nimekesha nikiyapanga maneno yangu, na nikayasema yote kwa haraka, nikiwa bado nimeshika taa iliyowaka. Nilisema nimekosa. Nilisema nitakwenda Bungoma Jumapili hiyohiyo, nitasimama mbele ya Mama Khisa na mbele ya wazazi wa Nanjala, nitawaambia nilichokiona leo. Nitawaambia si woga. Nitawaambia ni kitu cha damu tu, Daktari mwenyewe amekubali, na hata si damu ya nyumba ile wanayoiimba.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Alitoa pamba mdomoni, akaikunja ndani ya leso, ili maneno yake yasikike vizuri.

"Ukiwaambia ni damu," akasema, "watakuuliza ni damu ya nani."

Nilizima taa.

"Mama amebaki peke yake kule. Anateka maji kisima kimoja na hao wanaoimba." Alichukua dawa mkononi mwa Daktari, aliyekuwa amerudi, akamshukuru kwa Kiswahili kizuri cha shule. Kisha akanigeukia tena, na sauti yake haikuwa na hasira, nadhani ningeipenda zaidi hasira. "Jina langu umeshaligawa, mukhana. Hilo lishakwenda. La mama yangu liache."

Mwezi wa kumi na mbili Nanjala hakuolewa Bumula, na Jumapili ile mimi sikwenda Bungoma. Lakini hayo yalikuwa bado mbele. Asubuhi ile nilimtazama tu akifunga vifungo vya koti, cha chini, cha kati, cha juu. Halafu akatoka, akauvuta mlango nyuma yake, taratibu, mpaka komeo likaingia.